Posa ya Chuo Kikuu

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumapili, 11 Agosti 1996

Mpendwa ndugu yangu Sabir,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, na naomba Mungu barua hii ikukute hivyo hivyo, wewe na mkeo na wale wanangu wawili huko Maskati. Mgongo wako vipi? Ulisema daktari amekukataza kunyanyua vitu vizito. Natumai humdanganyi yeye kama ulivyokuwa ukimdanganya mama kwamba umeshaoga.

Sisi huku hatujambo. Mafua yalitupitia nyumba nzima baada ya Maulidi, lakini yamekwisha. Dari ya chumba cha mbele imetengenezwa. Boriti mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, na fundi alisema tungengoja mwaka mmoja zaidi zingetuangukia tukiwa tunakula. Kofia bado nashona. Macho ndiyo yameanza kunigomea, na siku hizi Swabaha ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata. Niliisoma mara tatu, ya tatu ikiwa ni kuhakikisha kama kweli umenipigia kelele kwa maandishi. Umesema chuo kikuu si nyumba ya mtu, kimejengwa na serikali, hakuna cha kutazamwa, na mtoto akipewa nafasi fomu hutiwa sahihi siku hiyo hiyo. Umesema nikiendelea na mambo yangu ya Kibokoni tarehe itapita, na mpwa wako atabaki kunitungia uzi mpaka naye azeeke. Hilo la mwisho liliniuma, nawe ulijua litaniuma.

Basi nitakueleza yote tangu mwanzo, nawe usome mpaka mwisho kabla hujaikimbilia simu.

Barua ya chuo ilikuja mwanzoni mwa Julai. Bi Sheikha alikuwa hapa, amekuja kunywa kahawa. Unamkumbuka Bi Sheikha wa Bondeni, somo yangu aliyenifunda nilipokuwa mwari, yule ambaye hakuna posa inayojibiwa mitaa hii kabla hajakwenda yeye kuitazama nyumba ya mume. Swabaha alitusomea. Wanasema wameridhika na alama zake, wanampa nafasi ya kusoma hesabu miaka minne huko bara, watampa chumba na chakula, na wanataka jibu kabla ya tarehe kumi na sita Agosti. Bi Sheikha akaweka kikombe chini.

"Watu wamtaka binti yetu," akasema. "Wataka kumpeleka kwao, na wataka jibu. Hini ni posa, Nasiha. Nyumba yatazamwa kwanza."

Najua unacheka. Mimi sikucheka, na sababu unaijua, ingawa wakati ule ulikuwa bado unavaa kaptura ya skuli. Ile posa yangu ya Tanga ilijibiwa kwa sababu ya jina la ukoo tu. Kila mtu alisema watu wale wanajulikana, hakuna cha kutazamwa, maneno hayo hayo uliyoniandikia wewe. Nilifika nikamkuta mke mwenzangu ambaye hakuna aliyetutajia, na mama mkwe aliyenikabidhi funguo za jiko kabla sijavua buibui. Miezi saba baadaye nilirudi na sanduku moja. Mungu alinifidia kwa marehemu Athmani, baba yake Swabaha, lakini tangu siku ile niliapa kwamba mtoto wangu hatakwenda mahali ambapo jicho letu halijafika.

Na nikwambie ukweli ambao sikumwambia mtu. Sikutaka kwenda kutazama tu. Nilikuwa naomba nikute ubaya. Nilitaka choo kichafu, mlango usiofungika, mlinzi mlevi, chochote cha kunifanya nirudi niseme hapana bila kuonekana mbaya. Tangu Athmani atangulie mbele ya haki tumebaki wawili katika nyumba hii yenye ngazi nyingi, na sikutaka kuzipanda ngazi hizo peke yangu.

Tulikwenda watatu: mimi, Bi Sheikha, na Kadzo, mpangaji wangu wa chumba cha chini, yule Mgiriama karani wa bandarini uliyemkuta ulipokuja mwaka juzi. Kadzo alikuwa kwenye likizo yake ya mwaka, na binamu yake Chengo ni mpishi katika chuo chenyewe. Bi Sheikha alifurahi sana kusikia tuna mtu wa jikoni. Alisema kazi nusu imekwisha.

Tulipanda basi la asubuhi Jumapili iliyopita, tukalala Nairobi, Pangani, kwa binti wa shangazi, na Jumatatu tukaendelea. Sabir, baridi ya huko sikuwahi kuiona. Bi Sheikha alivaa koti la marehemu mumewe juu ya buibui, limemfika magotini, na hakujali aliyetazama. Kabla hatujaondoka alitupa sharti lake la miaka yote: tusile wala tusinywe chochote pale, maana mtu akishakula kwa watu huona haya kuwakatalia.

Tulipofika hatukuingia. Bi Sheikha alivuka barabara kwanza, akaenda kwenye duka linalotazamana na lango, akanunua kiberiti asichokihitaji. Akamwuliza mwenye duka wale watu wa ndani ni watu wa namna gani, wana kelele, wana ugomvi, wanalipa wanachochukua? Yule bwana alifikiri sana, akasema wakati wa mitihani huwa wapole. Kadzo alicheka mpaka akakohoa. Bi Sheikha hakucheka, alikuwa kazini.

Chengo alitupitisha jikoni. Somo yangu alifunua vifuniko vya masufuria makubwa ajabu, akanusa maharage, akauliza nyama yachinjwa na nani, akaambiwa huchinjwa na Mwislamu, kwa kuwa wanafunzi Waislamu walishalizungumza hilo na wakuu, nao wakasikilizwa. Tukaonyeshwa chumba ambacho wasichana huswalia, kidogo lakini safi, na misala imekunjwa vizuri pembeni. Chengo alituletea chai ya maziwa inayofuka moshi. Kadzo, kwa kuwa yeye hana posa, alikunywa vikombe viwili mbele yetu, na sisi tukasimama tukitetemeka kwa heshima.

Kutoka hapo tukaenda mabwenini. Msimamizi wa bweni la wasichana ni mama mmoja wa Kitaita, jina lake Bi Loise, mtu wa makamo, mpole lakini si wa kuchezewa. Alitupokea ingawa hatukuwa na miadi. Tuliona chumba cha vitanda vinne. Bi Sheikha aliminya godoro, akafunga mlango na kuufungua, akauliza ufunguo hukaa na nani, akaenda kutazama bafu hata kabla ya kuonyeshwa njia. Kila kitu kilikuwa sawa. Si kizuri cha kusifiwa, lakini sawa. Mabomba yalitoa maji. Taa ziliwaka. Nilisimama kwenye ukumbi ule mrefu nikiona sababu zangu zinaniishia moja baada ya nyingine.

Ndipo Bi Loise akatazama nyuma yetu, halafu akatutazama sisi.

"Na mwanafunzi mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," nikamwambia.

"Anaumwa?"

"La, mzima."

"Mmetoka Mombasa mpaka hapa, na yeye mmemwacha?"

Bi Sheikha alijinyoosha ndani ya lile koti. "Bibi, kwetu mwari hachukuliwi kwenda kutazama. Yeye hutazamiwa."

Bi Loise hakucheka, na ningependa angecheka. Alivuta kiti akaketi, akaniuliza mimi, si Bi Sheikha, kama binti yangu anapenda hesabu.

Nilifungua mdomo. Alama zake nilikuwa nazijua. Namba ya fomu niliijua kwa moyo. Nilijua skulini walimpa zawadi, na nilijua kwamba hukaa na vitabu vyake darini mpaka nimwite chakula. Lakini kama anapenda, kama anataka kuja hapa au hataki, sikuwa na jibu, kwa sababu tangu siku ile ya kahawa hakuna mtu aliyemwuliza. Tulimfanya atusomee barua yake mwenyewe, kisha tukazungumza sisi.

"Sijui," nikasema. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, baridi ikanitoka.

Bi Loise alisema maneno machache tu. Alisema vitanda atavichunga yeye, hiyo ndiyo kazi yake, lakini msichana anayeletwa bila kuulizwa, huyo yeye hawezi kumchunga, maana wengine hulia muhula mzima na wengine huondoka kimya kimya. Akatuambia tumlete mwenyewe kama tarehe inaruhusu, naye atampangia mtu wa kumzungusha madarasani.

Njiani Bi Sheikha alikuwa na hasira. Alisema yule mama hana mila. Mimi nilitazama nje tu, na Kadzo alinishika mkono bila kuuliza kitu. Yule Kadzo ana akili ya kujua wakati wa kuacha kuzungumza, na wewe ungemwiga.

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, nilimwita Swabaha. Bi Sheikha naye alikuwepo, amekuja kutoa taarifa yake ya masufuria. Nilimwuliza mwanangu mbele yake: wataka kwenda chuo kile, au hutaki? Swabaha aliinamisha kichwa, akawa anavuta nyuzi za mkeka. 

"Basi," Bi Sheikha akasema, "umeshajibiwa. Amenyamaza, amekubali."

Sabir, hapo ndipo moyo ulipopasuka. Maana mimi pia nililetewa swali. Baba alitumwa nyuma ya pazia kuniuliza juu ya wale watu wa Tanga, nikanyamaza, wakatoka nje wakasema nimeridhia. Sikuwa nimeridhia. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nangoja mtu aulize mara ya pili. Miaka yote hii nimewalaumu watu kwa kutokwenda kuitazama nyumba. Na kama wangekwenda wakakuta nyumba nzuri, isiyo na mke mwenza wala mama mkwe mwenye funguo, je, ningekuwa nimekubali? Hata hivyo nisingekuwa nimekubali.

Nikamwambia Bi Sheikha kwamba kunyamaza kwake mimi sikuhesabu. Nikakaa mkekani, nikangoja. Kahawa ilipoa. Bi Sheikha alitoka, naye hakuaga.

Mtoto alipoanza kusema hakusimama. Alisema anazitaka hesabu kuliko kitu chochote, na kwamba anaogopa baridi, na anaogopa kuniacha, na anaogopa watu wa bara watamcheka anavyosema. Akasema siku tuliyokuwa tukiondoka alikuwa amesimama nyuma ya mlango, buibui amelivaa tayari, akingoja tumwite. Tulipoteremka ngazi alilivua akalikunja. Hilo alilisema bila kunilaumu, na kwa hiyo liliniuma zaidi.

Akaanza kuniuliza. Maktaba yafungwa saa ngapi? Darasa lina watu wangapi? Wapo wasichana wanaosoma hesabu? Ndugu yangu, niliweza kumweleza habari za godoro na habari za maharage. Zaidi ya hapo sikuwa na kitu. Tulitazamana, akacheka yeye kwanza, nikacheka na mimi mpaka machozi.

Nikamwambia, bado siku nane, nenda ukaone kwa macho yako. Fomu nikampa yeye. Ukiridhika, itie sahihi huko huko umpe Bi Loise mkononi. Usiporidhika, irudishe tupu, na hakuna atakayekusema katika nyumba hii, wala mjomba wako wa Maskati. Samahani kwa kukusemea.

Ameondoka leo asubuhi na Kadzo, ambaye likizo yake yote imeliwa na sisi. Niliwasindikiza hadi kituo cha basi. Bi Sheikha alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga kwangu tena, lakini alikuwa kituoni kabla yetu, amelibeba lile koti. Alimvika Swabaha yeye mwenyewe, akamfunga vifungo vyote mpaka shingoni, huku akinung'unika kwamba mambo haya hajapata kuyaona.

Kwa hiyo jibu unalolitaka sina. Naisimamisha barua hapa, nitaimaliza nikilipata.

Jumanne, 13 Agosti

Nimerudi kwenye barua. Jana saa kumi Mzee Sabiri wa dukani, wajina wako, yule mwenye simu, alimtuma mkewe anigongee mlango. Nilivaa kanga moja ya juu na nyingine ya chini, hazilingani, nikakimbia. Pale dukani walikuwepo watu wanne wanaonunua mafuta ya taa, na wote walinyamaza ili nisikie vizuri. Mji wa Kale ndivyo ulivyo.

Sauti yake ilikuja kutoka mbali, na upepo unapiga kwenye waya. Alisema walimwingiza darasani, akakaa safu ya mwisho na koti lake. Mwalimu akaandika swali ubaoni, refu, akawaambia walifanye. Hakuna aliyemwuliza yeye ni nani. Akatoa kalamu akalifanya nyuma ya bahasha, na alipoinua kichwa wale wa mbele walikuwa bado wanaandika. Msichana aliyekaa karibu naye, mwenyeji wa huko huko, aliichungulia bahasha, akasogea, akamwambia, hebu nionyeshe hapa umepitaje.

"Mama," akasema, "nikamwonyesha."

Nilimwuliza, na fomu? Akasema fomu ilikuwa imeshatiwa sahihi tangu saa sita, ametia yeye, na Bi Loise ameipokea. Halafu pesa za simu zikaisha.

Nilisimama pale na mkono wa simu sikioni, hakuna mtu upande wa pili, nikalia mbele ya watu na mafuta yao ya taa, wala sikuona haya. Nilikuwa na furaha, Sabir. Nilidhani furaha na kuachwa haviwezi kukaa kifuani pamoja, kumbe vinakaa.

Atakwenda mwezi wa Oktoba, Mungu akipenda. Nimeshaanza kumtafutia sweta, na Bi Sheikha amekwishasema koti halirudishwi.

Nina ombi moja kwako, nalo nakuomba kama dada yako mkubwa, si kama mtu unayeweza kumpigia kelele. Kila barua yako humweka Swabaha mwishoni, kwenye mstari wa salamu, baina ya jirani na paka. Ukitaka kujua habari za chuo tangu leo, usiniulize mimi. Mwandikie yeye. Mtilie barua katika bahasha yake peke yake, na jina lake liandike juu.

Wasalimie mkeo na watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Bi Sheikha anakusalimu na anauliza lini utakuja umtazame. Kadzo amerudi salama leo asubuhi pamoja na mwanangu, anakusalimu pia. Mzee Sabiri wa dukani amesema amesikia yote na anakupongeza.

Salamu za Swabaha sikuzitia humu. Yuko mezani mbele yangu na karatasi yake, ameifunika kwa mkono nisisome. Anakuandikia mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi huko uliko, akufungulie milango ya kheri na atukutanishe tukiwa wazima.

Mimi dada yako akupendaye tangu ulipokuwa ukibebwa mgongoni,

Nasiha